Zawadi, Ndama Aliyependwa na Watu Wawili

Nyinyi mliotoka chuo cha mifugo juzi mkapangiwa kata za huku kwetu kwenye baridi, karibuni sana. Nunueni soksi nzito kwanza, mengine tutaongea. Mimi nimeshastaafu, pikipiki ya ofisi nimeirudisha, ingawa kiuno changu bado kinaikumbuka kila asubuhi. Nimeombwa niwaandikie machache yatakayowafaa kazini, nami nimechagua kuwaandikia habari za minyoo ya ng'ombe. Najua mlitegemea jambo lenye heshima zaidi. Mtanisamehe, lakini katika kazi yetu heshima huanzia nyuma ya ng'ombe.

Hilo nilifundishwa na Mzee Mlowe, bwana mifugo niliyemkuta Makambako nilipoajiriwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la mvua ambalo sikumbuki kumwona akiwa hajalivaa, hata kiangazi. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mfugaji mmoja, nami nikiwa na koti langu jeupe lililopigwa pasi, nikaelekea moja kwa moja kwenye kichwa cha ng'ombe. Mzee akanishika mkono wa koti.

"Unakwenda wapi, kijana?"

"Kumwona mgonjwa, mzee."

"Mgonjwa hana la kukwambia. Rudi huku nyuma, habari zote ziko chini."

Akaokota kijiti, akakichomeka kwenye mavi, akanipa nikoroge. Nikaulizwa: ni mazito au mepesi? Yana utelezi? Yana damu? Yananuka vipi? Swali la mwisho lilinishinda kwa kuwa nilikuwa nimebana pumzi. Mzee akacheka hadi akajishikilia kwenye nguzo ya banda. "Mwenye ng'ombe atakudanganya kwa aibu," aliniambia. "Mavi hayana aibu." Koti jeupe sikulivaa tena. Mke wangu aliligeuza kitambaa cha kufunikia unga.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mna simu, wafugaji wana simu, na namba yangu bado inazunguka vijijini. Nakaa mezani na ugali wangu, simu inalia, nafungua: picha ya mavi. Imepigwa kwa karibu, kwa ustadi, na chini yake imeandikwa, "Shikamoo mzee, hii vipi?" Mke wangu anasema simu za wenzangu zina picha za wajukuu, yangu ina choo cha ng'ombe. Lakini huwa najibu. Picha nzuri ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kuchukua mavi yenyewe, yakiwa bado ya moto, kuyaweka kwenye mfuko safi na kuyafikisha maabara kabla hayajakauka. Msiwaonee haya watu kwenye basi. Semeni ni sampuli, watawapisha.

Mtakutana na mengi ya kuchekesha. Makambako kulikuwa na bwana mmoja aliyenipeleka bandani kwake kwa fahari anionyeshe ndama wake alivyoshiba. Kweli, tumbo lilikuwa kubwa. Manyoya yalikuwa yamesimama na mbavu zilihesabika, na chini ya taya kulikuwa na uvimbe laini unaning'inia. "Unaona kidevu hicho?" akaniambia. "Huyu atakuwa dume la maana." Nikafunua kope za ndama, nikakuta weupe mtupu, damu hakuna. Kilichoshiba mle ndani hakikuwa ndama. Tulimtibu akapona, na kidevu chake kikayeyuka, jambo ambalo yule bwana alilisikitikia kidogo.

Na dawa ya minyoo, jamani, msiwaache watu waigawane kama chumvi. Huku kwetu jirani ni ndugu, chupa ikinunuliwa nyumba hii itaombwa na nyumba ile, na kila ng'ombe atalambishwa kidogo ilimradi wote wapate. Dawa ndogo haiui mnyoo, humfundisha tu kuizoea. Pimeni kifua cha mnyama kwa utepe, mjue uzito, mpeni kipimo chake kamili. Mnapomnywesha msimwinue kichwa juu kana kwamba anaomba mvua, wala msimvute ulimi. Dawa itakwenda mapafuni, na mtakuwa mmeua minyoo pamoja na mwenye minyoo.

Haya yote yako kwenye vitabu vyenu. Lipo jambo moja ambalo sikulikuta kitabuni, nalo nilijifunza kwa ndama aliyeitwa Zawadi, katika kijiji kimoja kati ya Njombe na Makambako.

Kwenye kijiji hicho akina mama walikuwa na kikundi cha ng'ombe wa kupokezana. Utaratibu wake bado upo na mtaukuta: mwanachama anapewa mtamba, akizaa ndama jike wa kwanza anamlea mpaka aache maziwa, kisha anamkabidhi mwanachama anayefuata. Hakuna anayemiliki ng'ombe wake sawasawa mpaka amemtoa ndama huyo. Makabidhiano hufanyika kanisani, Jumapili ya mavuno, mbele ya watu wote, baina ya magunia ya mahindi na ndoo za maharage. Ndama huvalishwa kitambaa shingoni. Nimeona maarusi waliopokelewa kwa vigelegele vichache kuliko hivyo.

Zamu hiyo mtoaji alikuwa Mama Oliva, mjane mwenye ng'ombe aitwaye Neema. Mpokeaji alikuwa Mama Yusta, aliyekaa ng'ambo ya kilima, akilea wajukuu ambao maziwa waliyaona kwa majirani tu. Wanawake hawa walikuwa marafiki tangu usichana. Walikuwa wameimba kwaya pamoja na kuzikiana wazazi. Neema alipozaa ndama jike, Mama Yusta ndiye aliyempa jina la Zawadi, na wiki hiyohiyo akaanza kujenga banda. Alilijenga vizuri hata nikamtania kwamba nitahamia mimi.

Zawadi alianza vyema. Alipata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema, alikaa kwenye kibanda chake chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili mkojo upite chini. Hakuchungwa, hakutoka nje hata siku moja. Majani yake yalikuwa matete na gwatemala kutoka kwenye matuta ya mlimani, ambako Mama Oliva aliyakata mchana na kuyaanika kabla ya kulisha. Alifanya kila nilichomfundisha. Ukitaka mfugaji wa kupigiwa mfano, nilikuwa nampigia yeye.

Baridi ilipoingia, Zawadi akaanza kuharisha. Nikaitwa. Nikafuata mafunzo ya Mzee Mlowe, nikaenda nyuma kwanza, nikachukua mavi nikayapeleka maabara, majibu yakarudi: mayai ya minyoo, mengi. Nikampa dawa, kipimo kamili. Akachangamka, akarukaruka, Mama Oliva akanifungashia viazi. Wiki kadhaa mbele nikaitwa tena. Manyoya yamesimama, tumbo limevimba, mavi yanachuruzika. Nikabadilisha dawa, akachangamka tena, nikapewa viazi tena. Nikaitwa tena. Safari hiyo viazi sikupewa, na kwa haki.

Nilichanganyikiwa, sitaki kuwaficha. Minyoo haishuki kutoka angani. Mnyama huila kwenye majani au maji yaliyoguswa na mavi ya mnyama mwenzake. Huyu ndama alikuwa kibandani muda wote, maji yake yanatoka bombani, majani yake yanatoka mlimani ambako ng'ombe hafiki. Nilichungulia chini ya mbao, nikanusa ndoo, nikauliza maswali mpaka Mama Oliva akaniuliza kama nafikiri yeye ndiye mnyoo.

Kilichoniumiza zaidi ni yale yaliyokuwa yanaota kati ya wale marafiki wawili. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Kamati ya kikundi ilikuwa na sheria: ndama dhaifu hakabidhiwi. Akifa, Mama Yusta angengoja Neema azae tena, na huenda azae dume, na banda lake zuri lingekaa na kuku. Nikaanza kusikia maneno. Mama Yusta alikutana nami njiani akanitupia salamu yetu ya Kibena harakaharaka, "Bwana Mifugo, kamwene. Hivi yule mtoto anapewa maziwa kweli? Au yanaishia yote kwenye kituo cha kuuzia maziwa?" Kwa Mama Oliva nako nikakuta uso mzito. "Mtu akikitamani sana kitu cha mwenzake," alisema huku akikamua, "hata macho yake yanaweza kukikausha." Hakumtaja mtu, lakini nilijua. Kwenye kwaya walikuwa hawasimami tena pamoja. Niliwapenda wote wawili, na niliona uchungu kweli kwamba urafiki wa miaka yote hiyo ungekufa kwa sababu ya ndama anayeharisha.

Basi asubuhi moja niliitwa mapema kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa upande ule. Nilipofika, kumbe ameshazaa bila msaada wangu, ndama anatikisa masikio, na mwenye ng'ombe ananitazama kana kwamba nimekuja kunywa uji. Nikaunywa. Nikiwa narudi nikaona nipitie kwa Mama Oliva, ingawa nilijua saa hizo huwa amepeleka maziwa kituoni. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilikuwa nyeupe juu ya nyasi, na vidole vyangu vilikuwa havinijui. Nikazima pikipiki barabarani, nikapanda kwa miguu.

Kabla sijafika kibandani nikasikia mtu anaimba. Alikuwa anaimba kwa Kibena, taratibu, wimbo wa kubembelezea mtoto. Nikazunguka nyuma ya banda. Mama Yusta alikuwa amesimama kule, kilemba kimelowa, mzigo wa majani mabichi umeegemea ukuta, na Zawadi ametoa kichwa kati ya mbao anakula kutoka mkononi mwake. Majani yale yalikuwa laini, ya kijani kinachong'aa, yanadondosha maji.

Akanishtukia. "Usimwambie," akasema.

"Nisimwambie nini, mama?"

"Oliva anamlisha mtoto majani makavu ya mlimani. Hebu mtazame alivyokonda! Mimi nikienda kwenye kinyungu changu kule bondeni nampitishia laini kidogo. Kila asubuhi. Angekuwa ameshakufa huyu, Bwana Mifugo. Mimi ndiye ninayemshikilia."

Vinyungu, kwa nyinyi mliotoka mbali, ni bustani zetu za bondeni za wakati wa kiangazi, kwenye unyevunyevu. Kando ya mifereji yake nyasi hazikauki. Ndiko ng'ombe wa kijiji kizima hushuka kunywa maji, na ndiko mavi yao husombwa. Na vijidudu vya minyoo, vikishatoka kwenye yai, hupenda unyevu. Vinapanda jani vikiwa ndani ya matone ya umande, vinakaa huko juu vinasubiri mdomo. Jua likikaza, vinashuka kujificha. Mama Yusta alikuwa anakata majani hayo katika saa ambayo minyoo imepanda yote, anayabeba na umande wake, anamletea mgonjwa mpaka mdomoni. Na kwa kuwa ndama alizidi kukonda, yeye alizidi kuongeza mzigo.

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Nilichuma jani moja kwenye mzigo wake, nikaliinua kwenye mwanga, tone la umande likiwa limening'inia kwenye ncha. Nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Alianza kwa kucheka. "Kwenye tone hili? Umeviona?" Nikamwambia kwa macho havionekani, lakini maabara wameona mayai ya mama zao. Akatazama tone, akamtazama Zawadi ambaye alikuwa bado anatafuna kwa furaha, kisha akampokonya majani mdomoni. Akaketi chini palepale kwenye sakitu, akajifunika uso kwa kanga.

"Ni mimi," akasema. "Mwanangu nimemlisha minyoo mimi."

"Umemlisha upendo, mama. Minyoo ilidandia."

"Na Oliva nimemsema kijiji kizima."

Nilijitolea kwenda kumweleza Mama Oliva kwa lugha ya kitaalamu, ambayo huwa haimlaumu mtu. Akakataa. Akasema aibu hii ina mwenyewe. Tukamngojea pamoja. Mama Oliva alipotokea njiani na ndoo yake tupu, akatuona tumekaa nyuma ya banda lake kama wezi waliokamatwa, akasimama mbali.

"Kamwene, dada," alisema Mama Yusta. "Minyoo ya Zawadi nilikuwa naibeba mimi kichwani. Kila asubuhi ukienda kituoni. Nilijua unamnyima."

Mama Oliva akauangalia mzigo wa majani, akaangalia kilemba kilicholowa, na nadhani aliona njia yote ile kutoka bondeni mpaka kwake, kwenye baridi ile, kabla ya jua. Akaweka ndoo chini.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na mvua ile ya juzi?"

"Na mvua ile."

"Yusta, wewe ni mwendawazimu," akasema. "Na mimi nilikuwa nakuombea Mungu akutoe kijicho." Ndipo wakaangua kicheko, wote wawili, kicheko cha watu wenye machozi, wakashikana mpaka ndoo ikapinduka. Mimi nilijifanya nakagua kwato za ndama. Hazikuwa na tatizo lolote.

Tulimtibu Zawadi kwa mara ya mwisho. Mama Yusta aliendelea kuleta majani, hilo hakuna ambaye angeweza kumzuia, lakini sasa aliyakata matuta ya juu, mchana, jua limeshapanda, na wakayaanika pamoja kwenye uchanja hadi yanyauke. Manyoya yalilala. Kope zilirudisha wekundu. Kamati ilikuja kumkagua, mwenyekiti akampapasa mgongoni, ndama akamtafuna skafu, wakaona afya ipo.

Jumapili ya mavuno Mama Oliva alimkabidhi kamba Mama Yusta mbele ya kanisa zima. Zawadi akatembea hatua chache kwa adabu, halafu akasikia harufu ya bonde. Alichomoka mbio kuteremka upande wa vinyungu, Mama Yusta nyuma yake ameng'ang'ania kamba, viatu vya kanisani vikibaki kimoja hapa, kingine pale. Mama Oliva akapiga kelele kutoka mlangoni, "Mzuie, Yusta! Umande bado!" Mchungaji alilazimika kungoja watu wamalize kucheka ndipo atoe baraka.

Kwa hiyo, vijana wangu, hili ndilo nililotaka kuwaachia. Ndama akirudia ugonjwa, msikimbilie kubadilisha dawa kama nilivyofanya mimi. Na msiishie kumuuliza mwenye ndama peke yake. Ulizeni ni nani mwingine anayempenda. Bibi anayemwonjesha maganda ya viazi, mtoto anayemtoa aote jua kwenye nyasi za mferejini, jirani anayemngojea kwa hamu. Asiyempenda mnyama hampi kitu, hivyo si rahisi amdhuru. Nendeni kwa wanaompenda, mwende kwa upole, maana mnakwenda kuwaambia jambo zito.

Nami ninayewaambia haya nina habari moja zaidi. Nilipostaafu, kikundi kile kilinipa heshima ya kuniingiza kwenye zamu. Zawadi ni bibi sasa, amejaza kijiji wajukuu, na ndama atakayekuja kwangu yuko bandani kwa Mama Yusta, jike la rangi nyeusi na nyeupe, lenye doa kwenye paji la uso. Nyumba yangu haiko mbali na pale. Nimeshajenga banda. Mke wangu anasema nalikagua banda hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kumkagua yeye alipokuwa na mimba. Namwendea ndama wangu kumwona karibu kila siku, na juzi nilimwona amekonda kidogo. Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona.

Basi jana niliamka mapema. Nilichukua mundu, nikavaa mabuti, nikateremka bondeni. Sikuwa nawaza lolote. Nilikata majani mazuri mno, laini, nikayafunga, nikayaweka begani, maji yakaanza kunitiririka mgongoni, na nikapanda kilima nikiimba. Ndiyo, nikiimba. Nilikuwa nimeshafika nyuma ya banda niliposikia sauti.

"Bwana Mifugo, kamwene."

Mama Yusta alikuwa amekaa kwenye gogo, kanga mbili mabegani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Alionekana amekaa muda mrefu. Akautazama mzigo wangu, akautazama mgongo wangu uliolowa, na hakucheka, Mungu ambariki, ingawa mdomo ulikuwa unamtetemeka.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nimekuwa nakuvizia wiki nzima."

Nikautua mzigo mbali na kibanda. Akasogea kwenye gogo akanipa nafasi, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyokuwa ameiweka miguuni, vikombe viwili akiwa navyo tayari. Tulikunywa, ndama wangu akituchungulia kati ya mbao, na jua lilikuwa bado halijatoka nyuma ya misonobari, tukaketi tukalingoja.